UZI: Chumba cha m 3.0 kwa 3.6, hakipitiki na hakipumui. Tukichore upya kabla mtu hajanunua kiyoyozi

#1 Kipimo_Kwanza

Wakuu, leo tuweke chumba kimoja mezani tukipasue. Ni kile chumba cha kulala cha nyumba ya chini hapa Dar ambacho kila fundi humu ameshakijenga: tofali za inchi sita, paa la bati, dari ya jipsamu. Usiku kina joto, kabati halifunguki vizuri, na ushauri unaotolewa kila mara ni "weka kiyoyozi". Mimi nasema kiyoyozi kije mwisho, kama kitakuja. Kwanza karatasi na futi kamba.

Vipimo vya ndani, plasta kwa plasta:

- Mashariki–magharibi m 3.0, kaskazini–kusini m 3.6, sakafu hadi dari m 2.75
- Ukuta wa magharibi ni wa nje, una dirisha la alumini la kusukuma, sm 150 kwa 120
- Ukuta wa kusini ni wa nje, mtupu
- Mashariki ni chumba kingine, kaskazini ni korido
- Mlango uko katikati kabisa ya ukuta wa korido: sm 105 za ukuta, sm 90 za mlango, sm 105 za ukuta
- Kitanda 5 kwa 6, na fremu yake kinakula sm 165 kwa 200, kichwa chini ya dirisha
- Kabati la kusimama, ukuta wa mashariki, kina sm 60

Sasa piga hesabu ya darasa la tatu: 300 toa 200 toa 60, zinabaki 40. Mlango wa kabati una upana wa sm 45. Ndiyo maana haufunguki wote, na ndiyo maana nguo zinaishia juu ya kiti.

Kabla ya kuchora, pima ulalo kona kwa kona mara mbili. Chumba hiki kikiwa na mraba safi kila ulalo unatoka m 4.69. Zikipishana zaidi ya sm 2, chumba kimepinda, na kabati la kujengea litaacha pengo la pembetatu ukutani. Chora kwa skeli ya 1:20 kwenye A4: chumba kinakuwa sm 15 kwa 18. Kata kitanda kwa manila, sm 8.25 kwa 10, na kabati, uvisogeze kwa kidole. Chora pia upinde wa kila mlango unapofunguka. Wengi huchora samani wakasahau mapinde, halafu wanashangaa fundi akishamaliza.

Mapendekezo?

#2 Mwashi_wa_Zamani

Ugonjwa ni mlango. Mlango wa katikati unaukata ukuta vipande viwili vya sm 105, na hakuna kipande hata kimoja kinachobeba kabati la maana. Usogeze ukae kona ya mashariki: acha sm 10 za kushikia fremu, halafu tundu la 90. Upande wa magharibi unapata m 2.0 za ukuta mfululizo. Hapo ndipo kabati.

Kitanda kiende ukuta wa kusini, kichwa kusini. 300 toa 165 ni 135, yaani sm 67 kila upande. Miguuni: 360 toa 200 ya kitanda toa 60 ya kabati, inabaki m 1.0. Watu wawili wanapishana.

#3 Kipimo_Kwanza

Mchoro wangu umeishia hapo hapo mkuu. Nyongeza moja: kabati likikaa ukuta wa korido linakuwa kwenye ukuta mkavu wa ndani. Kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua za masika linaota ukungu mgongoni, na nguo zinanuka kabla hujaona doa lolote.

#4 Swali_Dogo

Kuna tundu la zamani kutoka sm 105 hadi 195, na jipya kutoka 200 hadi 290. Hapo katikati si kunabaki kinguzo cha sm 5?

#5 Mwashi_wa_Zamani

Umeona vizuri sana. Hicho kinguzo ndicho kitakachoharibu kazi. Fundi mvivu atakiacha, atakipiga plasta, na fremu mpya itafungwa humo humo. Mlango ukibamizwa mara chache, ufa unashuka kuanzia linta (boriti ya zege juu ya mlango) hadi sakafuni.

Kitolewe chote. Unaziba kuanzia 105 hadi 200, yaani sm 95. Tofali mbili za inchi 18 na viungo vyake zinaingia hapo bila kukata nyingi. Mistari tisa kwenda juu, tofali 18. Nunua 22 kwa sababu zitavunjika. Upande wa ukuta wa zamani toboa meno, mstari mmoja ndiyo mmoja hapana, ili tofali mpya zishikane na za zamani. Kwenye maungio piga wavu wa kuku chini ya plasta, upana sm 20 hivi, la sivyo utauona mlango wa zamani ukutani kama kivuli maisha yako yote.

Kabla ya yote, chunguza linta. Nyumba nyingi zina linta ya zege inayozunguka nyumba nzima, hapo uko salama kiasi. Kama linta iliwekwa juu ya mlango tu, mlango mpya unahitaji yake, ikae ukutani angalau sm 15 kila upande. Gonga plasta juu ya mlango, pembeni, uone zege linaendelea au linakatika.

#6 Nondo12

Basi ziba la zamani kwanza, ikauke siku saba, ndipo ukate jipya. Hivyo tundu halizidi sm 95 wakati wowote.

#7 Swali_Dogo

Mkuu, ukishaziba mlango pekee wa chumba, mafundi wanatokea wapi? Dirishani kuna nondo.

#8 Mwashi_wa_Zamani

Hahaha, wamekaa humo na chapati zao.

Kwa kweli hapa huna ujanja: unakata jipya kwanza, na kwa muda linta inakuwa wazi karibu sm 185. Kabla ya kukata, tegeza mirunda miwili chini ya linta, na ubao wa 2x6 chini na juu ili mzigo usambae. Kata kwa grinda, pande zote mbili za ukuta, ndipo utoe tofali moja moja kwa tindo. Nyundo kubwa iache nyumbani. Inatikisa plasta ya korido nzima. Jenga pengo la zamani siku hiyo hiyo au kesho yake, mirunda ibaki siku saba.

Na zima umeme kwenye meni. Bomba la swichi hushuka pembeni ya mlango, upande wa kitasa. Utalikuta.

#9 Waya_Mbili_Nusu

Nimengoja mtu ataje swichi. Mlango mpya bawaba zake zinakaa upande wa mashariki ili ubao ulale kwenye ukuta wa mashariki. Kwa hiyo kitasa kiko magharibi, na magharibi ndiko kabati. Kabati likijaza m 2.0 zote, swichi inafunikwa. Nyumba kibao zina swichi nyuma ya ubao wa mlango kwa sababu hii, unaingia gizani, unafunga mlango kwanza, ndipo unapapasa.

Kabati liwe m 1.8. Zile sm 20 kati yake na fremu ni za swichi, urefu wa m 1.2 kutoka sakafuni.

Mengine ya umeme:

Taa waya wa mm 1.5, soketi mm 2.5. Weka swichi ya njia mbili, moja mlangoni na moja kitandani. Soketi za kitandani usiziweke sm 30 kama za sebuleni, zitakuwa nyuma ya kimeza. Kimeza kikiwa na sm 55, soketi iwe sm 70. Kama kuna ndoto ya kiyoyozi, vuta laini yake peke yake kutoka kwenye breka sasa hivi, kabla plasta haijafungwa. Chumba hiki ni mita za mraba 10.8, BTU 9000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kiyoyozi) zinatosha. Ile ya 12000 itapoza haraka na kujizima kabla haijakausha unyevu, utalala kwenye ubaridi wa majimaji.

Mwanga: balbu mbili za LED za wati 9 zinatosha chumba kizima. Chagua nyeupe ya joto, Kelvin 2700 au 3000. Zile za 6500 ni za duka la dawa.

#10 Upepo_wa_Kusi

Mnapanga samani vizuri lakini joto bado mmeliacha dirishani.

Dirisha la magharibi. Mwezi wa tatu, saa kumi jioni hapa Dar jua liko karibu nyuzi 37 juu ya upeo, saa kumi na moja limeshuka hadi 22 hivi. Chukua ukingo wa paa uliotokeza sm 60, ukianzia usawa wa juu wa dirisha. Saa kumi unafunika sm 45 za dirisha la sm 120. Saa kumi na moja, sm 24. Yaani jua linaingia kitandani moja kwa moja mpaka linazama. Kurefusha paa hakusaidii upande huu, jua la magharibi linapita chini yake. Pazia nalo linachelewa: likishapita kioo, joto liko ndani tayari. Kinga ya magharibi lazima iwe nje: shata la mbao lenye mapezi, au jamvi la mianzi lililoning'inizwa sm 20 mbele ya kioo.

Pili, lile la kusukuma linafunguka nusu tu. Umelipia mita za mraba 1.8, unapata 0.9, halafu unaweka wavu wa mbu juu yake. Na tundu liko ukuta mmoja. Upepo hauingii mahali pasipo na pa kutokea.

Ukuta wa kusini mtupu ndio hazina. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Jua la kusini linakuja kati ya Oktoba na mwanzo wa Machi tu, na saa sita mchana liko juu sana, nyuzi 73 hivi hata Desemba, ukingo wa paa wa sm 60 unalimaliza. Toboa madirisha mawili membamba, moja kila upande wa kitanda, sm 45 kwa 120, ya luva au ya bawaba yanayofunguka yote. Jumla mita za mraba 1.08 za tundu halisi, zaidi ya lile kubwa. Hewa inaingia kusini, inatokea magharibi na juu ya mlango.

#11 Mwashi_wa_Zamani

Sm 67 kila upande wa kitanda, dirisha la 45. Usiliweke katikati likabaki na sm 11 kutoka kona. Anza sm 20 kutoka kona ya ndani, linaishia 65, linaingia. Nje, ukijumlisha unene wa ukuta, kona inabaki na sm 35. Inatosha.

Kizingiti cha dirisha kiwe na mteremko wa nje na kidomo chenye mfereji mdogo chini yake wa kukatia tone. Mvua ya masika inakuja na kusi, itapiga hapo hapo. Bila mfereji, maji yanarudi ukutani na rangi ya ndani inaanza kuvimba chini ya dirisha.

#12 Swali_Dogo

Na miezi ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini? Desemba hadi Machi ndiyo joto lenyewe, na chumba hakina ukuta wa nje kaskazini wala mashariki.

#13 Upepo_wa_Kusi

Ndiyo, na tusidanganyane. Kaskazi itaingia kwa kupitia korido tu, kama vyumba vya mbele vimefunguliwa. Juu ya linta hadi dari kuna karibu sm 40: weka safu moja ya tofali za matundu juu ya mlango, upande wa korido gongomea wavu. Kelele zitapita kidogo, hiyo ndiyo bei yake. Kinachobaki ni kazi ya panga boi.

#14 Waya_Mbili_Nusu

Hapo kwenye panga boi kuna ugomvi wa kudumu na chandarua.

Panga boi la inchi 56 lina nusu kipenyo cha sm 71. Likikaa katikati ya chumba liko m 1.8 kutoka ukuta wa kusini. Katikati ya kitanda ni m 1.0. Ukining'iniza chandarua cha duara kwa ndoano juu ya katikati ya kitanda, kamba iko sm 80 kutoka mhimili wa feni, sm 9 tu kutoka ncha ya panga. Upepo ukikivuta, panga linakila. La inchi 48 linakupa sm 19, bado si salama.

Acha chandarua cha duara. Tengeneza fremu ya pembe nne juu ya kitanda, urefu m 1.9 hadi 2.0, ufunge cha mstatili. Panga linabaki juu, kama m 2.4 kutoka sakafuni, linapuliza kuanzia miguuni. Usilibane dari, acha angalau sm 30 kati ya mapanga na dari, la sivyo linazunguka bure. Na ndoano ifungwe kwenye mbao ya 2x4 iliyolala juu ya kenchi mbili za paa, siyo kwenye fremu ya jipsamu. Likianza kuyumba, jipsamu inapasuka kwenye maungio kwanza.

#15 Mkunazini

Naona "dirisha membamba pande mbili" na nacheka kidogo, maana mnarudi kwa wazee. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu vyumba vyake ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya m 2.8 hivi bila kupinda. Karibu upana ule ule wa chumba chenu. Walivipanga kwa kuweka samani kwenye ncha na kuacha njia katikati, na vitu vidogo walivitia kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ndani ya ukuta. Kwa nini msichimbe zidaka kichwani, mkaokoa nafasi ya vimeza?

#16 Mwashi_wa_Zamani

Ndugu yangu, ule ukuta wa mawe na chokaa una karibu nusu mita. Huu wa inchi sita ni sm 15. Chimba kidaka cha sm 10, unabaki na sm 5 kati ya mto wako na mvua. Tena tofali lenyewe likiwa la matundu unatoboa hadi nje. Hapana.

#17 Seremala_wa_Keko

Kidaka nitawapa mimi kwenye ubao wa kichwa cha kitanda: kina cha sm 15, urefu m 1.1, kinalala kati ya yale madirisha mawili. Ila kitanda kinasogea mbele sm 15 na ile njia ya miguuni inakuwa sm 85. Mlango wa kabati wa sm 45 ukifunguka, inabaki 40. Tunarudi tulikotoka. Kwa hiyo chagueni. Mimi ningeweka rafu mbili ndogo za kuning'inia chini ya madirisha, nikaacha kidaka.

Kabati la m 1.8, kina sm 60, urefu m 2.4 juu ya kitako cha sm 10:

Bodi za mm 18, futi 8 kwa 4: moja na nusu kwa mbavu tatu, moja kwa juu na chini, moja na nusu kwa rafu, mbili kwa milango minne. Jumla sita. Droo zinatoka kwenye mabaki. Mgongo plaiwudi mbili za mm 3. Bawaba nne kila mlango, 16. Mlango wa m 2.3 kwa bawaba mbili unapinda kabla mwaka haujaisha.

Reli haihitajiki hapa. Milango ya kusukuma inaongeza kina kwa sm 8 hadi 10 na muda wote unaona nusu ya nguo. Reli ni ya chumba chenye sm 60 mbele ya kabati, siyo chenye 100.

Ndani: upande mmoja fimbo kwa m 1.6 wazi chini yake, kanzu na magauni. Wa pili fimbo mbili za shati, kila moja m 1.0. Kina kisipungue sm 55 wazi, henga inakula 45 na mabega ya nguo yanazidi.

Litengenezwe limelala kisha lisimamishwe? Ulalo wa 2.4 na 0.6 ni m 2.47, dari 2.75, linasimama. Kitako kiwe kimeshawekwa chini. Kitako hicho kiwe cha mbao, siyo MDF (bodi ya unga wa mbao uliogandishwa). Kila siku kinapigwa deki, na MDF ikinywa maji inavimba kama mkate. Kingo za chini za mbavu zipakwe vanishi mara mbili hata kama hazionekani.

#18 Upepo_wa_Kusi

Jambo la bati halijaguswa. Usiku joto linashuka kutoka juu, kwa sababu hewa kati ya bati na dari haina pa kutokea. Fungua matundu yenye wavu chini ya ukingo wa paa pande mbili zinazotazamana, halafu tandaza foili chini ya bati, uso unaong'aa utazame chini kwenye hewa wazi. Ukiugeuza juu, vumbi linaufunika na kazi yake inaisha. Ukiulaza ukagusana na bati, foili inakuwa bati jingine tu. Hilo lifanyike kabla ya kufikiria BTU.

#19 Kipimo_Kwanza

Nimechora upya na sm 20 za swichi na madirisha ya kusini. Kimebaki kitu kimoja: fremu na mlango wa zamani vinatumika tena, ila bawaba zilikuwa upande wa magharibi. Ukihamishwa ulivyo utafungukia kabati.

#20 Seremala_wa_Keko

Usigeuze fremu nyuma mbele, mlango utafungukia korido. Chonga mapengo mapya ya bawaba upande wa pili wa fremu na wa mlango. Ya zamani zibeni kwa vipande vya mbao ile ile na gundi, msitumie filla, skrubu haishiki filla. Kitasa kinahamia ukingo wa pili. Kama ulimi wake haugeuziki, nunueni kingine kabla fundi hajaanza kutoboa.

#21 Mwashi_wa_Zamani

Na msipake rangi kwenye kile kiraka cha sm 95 kwa wiki tatu au nne. Plasta mbichi ikifungwa na rangi ya mafuta inatoa chumvi, rangi inabanduka kama ngozi.